Muulize Fundi: bolti za hedi kwenye gari ndogo ya turbo, ninunue zipi?

Msimu wa korosho ukifungwa na malipo yakishaingia, gereji za huku kwetu zinabadilika kabisa, zile gari ndogo zenye turbo zilizolala chini ya mwembe mwaka mzima zinaamshwa, mwenye gari ana hela mkononi na anataka iende kuliko ilivyotoka Japani. Mwezi huu barua nyingi zimekuja za namna hiyo na nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, mwenyewe kaomba hivyo, na pia nimeona injini nyingi zikifa kwa jambo analouliza, bolti zinazobana hedi, yaani kile kichwa cha injini kinachokaa juu ya bloku.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Shangani hapa Mtwara, nina Starlet Glanza V ya 1997. Turbo yake ya mwanzo nimeitoa nimeweka TD04 ya mtumba, busti, yaani msukumo wa hewa ya turbo, inasoma bar 1 mpaka 1.1 nikikanyaga. Gasketi ya hedi imeshaondoka mara mbili ndani ya miezi mitano, mara ya kwanza napanda Newala, mara ya pili natoka Mnazi Mmoja naelekea Mtama. Fundi wangu anasema nivunje kibubu ninunue stadi za ARP za Marekani, nimeulizia mpaka zinifikie ni laki tano na kitu. Fundi mwingine anasema hiyo ni hasara, niende duka la hadiwea nichukue bolti za 12.9, eti ni ngumu kuliko za kiwandani na kumi zote hazifiki elfu hamsini. Nichukue zipi? Na je nibadilishe na za konrodi na za meni kabisa? Naomba usijibu kwa ufupi maana nimechoka kufungua hii hedi.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, hedi mara mbili ndani ya miezi mitano najua inavyouma, siyo hela tu, ni zile siku gari imekaa wazi na wewe unazunguka na bodaboda.

Kabla sijagusa bolti nataka nikuulize kitu ambacho naona hao mafundi wawili hawajakuuliza, gasketi iliondoka vipi? Maana kuna kuondoka kwa aina mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni gari kuchemsha, mshale unapanda, maji yamepungua, feni haizunguki, rejeta imeziba, hedi ikapinda ndipo gasketi ikaungua. Hapo bolti haina kosa lolote, hata ukiweka stadi za dhahabu itaungua tena wiki ijayo. Ya pili ni hedi kunyanyuka. Hiyo dalili yake ni tofauti, unatembea taratibu mjini siku nzima mshale uko sawa, ila ukikanyaga busti ikafika juu, maji yanasukumwa yanatokea kwenye kile kichupa cha akiba, ukifungua boneti hozi ya juu ya rejeta imekuwa ngumu kama mti, ukitulia inarudi kawaida. Hapo moshi wa mlipuko unapenya kwenye maji kila hedi inapoachia kidogo. Kuna kipimo cha dawa ya bluu, kichupa chake unakiweka mdomoni mwa rejeta injini ikiwa inaunguruma, ikigeuka njano basi moshi upo ndani ya maji. Fanya hicho kabla ya kutoa hata shilingi, na kumbuka vizuri siku ile ya Newala mshale ulipanda kwanza au maji yalimwagika kwanza. Jibu la hapo ndilo litakaloamua hela yako iende wapi.

Sasa tuseme ni hedi inanyanyuka, na kwa bar 1.1 siwezi kushangaa. Injini yako ni 4E-FTE, cc 1331, bloku ya chuma hedi ya alumini, imetoka kiwandani na turbo ya CT9 yenye busti mbili, ya chini bar 0.4 na ya juu bar 0.65, na nguvu farasi 135 za Kijapani. Wewe umeipeleka zaidi ya mara moja na nusu ya ile busti ya juu. Twende kwenye hesabu kidogo, usiogope. Pistoni yako ina upana wa milimita 74, eneo lake ni kama sentimita za mraba 43. Mlipuko kwenye injini ya turbo iliyopandishwa unaweza kufika bar 80 na zaidi, na bar moja ni kama kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo zidisha 43 kwa 80 unapata karibu tani tatu na nusu. Yaani kila silinda moja inapowaka kuna tani tatu na nusu zinasukuma hedi iende juu, ni kama Fuso ndogo imewekwa jeki pale, na inatokea maelfu ya mara kwa dakika. Kinachoizuia ni zile bolti kumi.

Na zinazuia kwa namna gani? Hapa ndipo naomba unisikilize kuliko sehemu zote. Bolti haishikilii kwa ugumu wake, inashikilia kwa sababu imevutika. Bolti ni springi. Unapoikaza inarefuka kidogo sana, ya urefu wa sentimita 10 ikikazwa vizuri inarefuka kama theluthi moja ya milimita, na ile hamu yake ya kutaka kurudi kwenye urefu wake ndiyo inayobana hedi na gasketi kwenye bloku. Mlipuko ukizidi ule mbano, hedi inaachia. Sasa ukielewa hapo utaona kosa la yule fundi wa pili, vyuma vyote hivi, ya 8.8, ya 10.9, ya 12.9, vinavutika sawa kwa nguvu ile ile. Ukitoa bolti ya kiwandani ukaweka 12.9 yenye unene ule ule ukaikaza kwa toki ile ile, yaani nguvu ile ile ya kuzungusha, mbano unaoupata ni ule ule! Hujaongeza chochote. Ile 12.9 inakupa ruhusa tu ya kuivuta zaidi kabla haijaharibika, usipoivuta zaidi umenunua ruhusa ukaiacha mfukoni. Namba ya kwanza pale kichwani ukiizidisha mara 100 ndiyo nguvu ya kukatika kwa megapaskali, namba ya pili inakwambia ni sehemu gani ya nguvu hiyo bolti inafika kabla haijavutika moja kwa moja bila kurudi, kwa hiyo 12.9 ni 1,200 kukatika na 1,080 kuanza kulegea, 10.9 ni 1,000 na 900. Ni namba nzuri, sizidharau, ila bolti ya hadiwea imetengenezwa ishike mashine ya kusaga au chasi ya trela, hakuna aliyefikiria hedi inayopata moto na kupoa kila siku, urefu wa shingo yake hauko sawa, uzi unaishia pasipotakiwa, na uso wa chini ya kichwa chake ni mdogo unachimba alumini.

Na kuna lingine la huku pwani, hili nimeliona kwa macho yangu ndiyo maana nalisema kwa uchungu. Mteja mmoja wa Lindi aliniletea gari miaka kadhaa nyuma, bolti zake za hedi alishaweka mwenyewe, 12.9 za dukani, zile zinazong'aa kama fedha kwa ule mpako wa zinki. Gari ilitembea siku mbili. Usiku wa pili imepaki uani, injini ya baridi kabisa, akasikia "ta!" kama mtu katupa jiwe kwenye boneti. Asubuhi akakuta kichwa cha bolti kimekatika peke yake kimelala juu ya hedi. Aliamini ni uchawi mpaka nilipomweleza, chuma kigumu sana kikipakwa zinki kwa umeme kinanywa hewa ya haidrojeni wakati wa kupakwa, isipookwa vizuri kuitoa, inabaki ndani ya chuma inakipasua taratibu kikiwa kimekazwa, saa nyingine siku nyingine, hata gari isiwashwe. Kadiri chuma kinavyokuwa kigumu ndivyo kinavyoogopa hilo. Ilibidi bloku yote itolewe kuchokoa kipande kilichobaki ndani, na gharama ya ile kazi ilizidi stadi alizozikwepa. Kwa hiyo za hadiwea kwenye hedi mimi sikubali, hata ukinipa bure.

Zinabaki mbili, bolti mpya za kiwandani au stadi.

Stadi ni ile isiyo na kichwa, ina uzi chini unaoingia kwenye bloku, uzi juu unaokaa nati. Faida yake kubwa watu wanadhani ni ugumu wa chuma, ila mimi naona iko kwenye namna inavyokazwa. Bolti ukiikaza inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, inavutika na inajisokota, huku uzi wake unakwaruza uzi wa bloku ukiwa na mzigo. Stadi wewe umeshaiingiza kwa mkono, imetulia, unazungusha nati peke yake juu, kwa hiyo stadi inavutika tu bila kusokotwa sana na uzi wa bloku yako hauliwi kila unapofungua. Na uzi wa juu ni mwembamba kuliko wa chini, kwa hiyo toki unayoweka inakuwa ya uhakika zaidi. Sasa hapo ongeza na chuma, hao ARP ni kampuni ya Marekani ya tangu 1968, kazi yao ni bolti za injini, chuma chao cha kawaida wanakiita 8740 kina nguvu ya paundi 200,000 kwa inchi ya mraba, hiyo ni kama megapaskali 1,380, iko juu ya 12.9. Kuna ARP2000 yenye 220,000. Na kuna L19 yenye 260,000, hiyo nakuomba usiiguse kabisa, chuma kile hakitaki unyevu, hata jasho la kiganja ni tatizo kinaweza kupasuka, na wewe unakaa Shangani bahari unaiona dirishani, chumvi iko mpaka kwenye soksi. Kwa Glanza ya barabarani 8740 inatosha na inabaki.

Ubaya wa stadi nao niuseme. Siku ya kufungua, hedi lazima inyanyuke wima mpaka ivuke ncha za stadi zote, na boneti ya Starlet ni finyu, wakati mwingine unalazimika kutoa stadi moja moja ndipo hedi itoke. Na feki zimejaa, zimepigwa herufi zile zile nchani. Nunua kwa wakala anayeeleweka, seti iwe imeandikwa ni ya injini yako, ifike kwenye boksi lake na karatasi ya maelekezo na grisi yake, ukiletewa kumi ziko kwenye mfuko wa nailoni rudisha hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Uamuzi wangu kwako ni huu. Kwa bar 1.1 kwenye TD04, ukiwa na nia ya kuendelea hivyo, nunua stadi, fundi wako wa kwanza yuko sahihi. Lakini laki tano isiishie kwenye stadi halafu hedi ukairudisha ilivyo! Hedi yako imeshaondoa gasketi mara mbili, siamini kama bado imenyooka. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu yake, kwa urefu, kwa upana na kona kwa kona, pitisha geji ya nyembe ya milimita 0.05, ikipita popote hedi iende ikasawazishwe kwenye mashine, na bloku nayo ipimwe vivyo hivyo, watu wanaisahau bloku. Na kama unaweka gasketi ile ya chuma tabaka tabaka, ambayo ndiyo ningekushauri, yenyewe inataka uso laini sana, msasa wa mkono juu ya meza haufai hata kidogo, msasa unaacha mabonde ambayo macho hayaoni ila moshi unayaona. Kama hela inatosha kitu kimoja tu kati ya stadi na hiyo kazi ya mashine, basi chukua kazi ya mashine, gasketi nzuri na bolti mpya za kiwandani, shusha busti mpaka 0.7 au 0.8, tembea hivyo mpaka msimu ujao. Ukiniuliza gari ipi nitapanda nayo mpaka Dar, zile kilomita zaidi ya 550, nitapanda hiyo, siyo yenye stadi za laki tano juu ya hedi iliyopinda.

Halafu kuna lile linalonyanyua hedi kuliko busti yenyewe, ni injini kunoki. Petroli ikilipuka kabla ya wakati wake mlipuko unakuja kama nyundo, ile bar 80 niliyokuhesabia inaruka juu ghafla na hakuna bolti ya duniani iliyopigiwa hesabu hiyo. Injini yako Wajapani waliifikiria na petroli yao ya daraja la juu, inayouzwa ikiwa na oktani 98 hadi 100, hii tunayojaza hapa kwenye pampu za kawaida haifiki huko. Ongeza na ile intakula yako, kipoza hewa ya turbo, inakaa juu ya injini kabisa, ukiwa foleni bandarini na jua la saa nane inageuka jiko, hewa inaingia ya moto, hapo hapo unakanyaga. Kontroboksi uliyonayo, yaani kompyuta ya injini, ni ya kiwandani au imeandikwa upya? Injekta ni zile zile? Hukuniambia na mimi ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Maana sikiliza, gasketi yako kuondoka mara mbili pengine ndiyo imeokoa pistoni zako. Ukiweka stadi zisizoachia wakati injini inanoki, ule mshindo hautapotea, utatafuta kitu kingine cha kuvunja, na kinachofuata ni pistoni kupasuka pale kwenye ringi. Mtafute mtu aweke geji ya mchanganyiko wa hewa na mafuta, arudishe taiming ya cheche nyuma, ndipo uzungumzie bar 1.1.

Kuhusu za konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na kranki, hizo hazijali busti kama watu wanavyodhani, zinajali mizunguko. Busti inasukuma konrodi chini, inaigandamiza, bolti hazina habari. Kinachozivuta ni pistoni inapofika juu kabisa inataka kuendelea kwenda mbele na bolti ndizo zinazoirudisha, na huo mvuto unakua kwa mraba wa mizunguko. Toka 7,000 kwenda 8,000 unaona umeongeza kidogo, kumbe mzigo umepanda karibu theluthi. Kama husogezi mwisho wa mizunguko basi ziache, ila siku ukifungua chini kwa sababu nyingine badilisha, na konrodi ziende mashine maana bolti mpya zinabadilisha duara la beringi kidogo. Za meni, zile zinazoshikilia kranki kwenye bloku, ndiyo kabisa, ukiweka stadi kule njia ya kranki inatakiwa kupimwa na pengine kutobolewa upya, kwa nguvu yako hiyo ni kutafuta gharama. Ziache.

SWALI: Fundi mimi niko Lindi mjini, Alto Works yenye injini ya K6A. Hedi imefunguliwa, fundi anasema bolti ni nzima zirudishwe zile zile, uzi hauna kasoro. Ni sawa?

JIBU: Uzi hautakwambia kitu ndugu yangu. Weka bolti ya zamani sambamba na mpya, kichwa kwa kichwa juu ya kioo, ukiona ya zamani imeizidi mpya kwa urefu basi imeshavutika haikurudi, hiyo ni springi iliyochoka. Pitisha na venia, kile kipimo cha unene, kwenye shingo, ikiwa nyembamba katikati kuliko pembeni tupa. Na kama maelekezo ya kiwanda yanasema kaza kwa toki fulani halafu ongeza nyuzi 90, kama zilivyo injini nyingi za Japani za miaka ya 90, ujue bolti ile inavutwa mpaka karibu na mwisho wake au inaupita kidogo, kwangu mimi hiyo ni ya kutumia mara moja. Bolti nane za K6A siyo gharama ya kubishania.

Na hapo hapo nikuongezee, K6A bloku yake ni alumini, tofauti na F6A ya zamani ambayo ni chuma. Uzi wa alumini unakufa haraka. Usikubali mtu akupitishie tapu ya kukatia uzi mpya ati anasafisha, ile inakula nyama, atumie ya kusafishia tu au bolti ya zamani iliyochanwa mfereji ubavuni. Ukikuta tundu moja limekufa uzi, liwekwe koili ya chuma kabla ya hedi kurudi, usikubali "tutaikaza kidogo kidogo hiyo moja". Kwenye injini ya turbo ya silinda tatu hiyo moja ndiyo itakayorudisha gari gereji.

SWALI: Stadi zangu zimekuja na kijitubu cha grisi nyeupe, fundi wangu hapa Masasi anasema ni biashara tu tupake oili ya injini, na toki tutumie ile ya bolti za zamani. Nimkubalie?

JIBU: Hapana, kote kuwili. Unapokaza, karibu nusu ya nguvu ya mkono wako inaliwa na msuguano chini ya nati, kama asilimia 40 nyingine inaliwa kwenye uzi, inayobaki kuivuta stadi ni kama asilimia 10 tu. Sasa fikiria, ukibadilisha kilainishi umebadilisha ile tisini yote. Grisi ile na toki iliyoandikwa kwenye karatasi vimepimwa pamoja, ukiweka oili nati inakwama mapema, toki renchi inalia "tik" wakati stadi haijavutika inavyotakiwa, unafunga boneti unajua umemaliza kumbe hedi haijabanwa. Paka kwenye uzi wa juu, chini ya nati na juu ya washa. Kaza kwa awamu tatu zilizo sawa, anzia katikati ya hedi ukienda nje kwa mzunguko. Toki ya bolti za kiwandani iache na bolti zake.

Stadi yenyewe iingie kwenye bloku kwa vidole na ile ufunguo ndogo ya pembe sita, ikigota basi, usiikaze. Matundu yapulizwe kwa upepo mpaka yawe makavu, hili nalisisitiza maana hapa bloku zinapasuka, tundu lisilotokea upande wa pili likiwa na maji au oili chini, stadi ikiingia ule umajimaji hauna pa kwenda, chuma cha bloku kinachanika. Matundu yanayotokea kwenye njia ya maji ndiyo pekee yanapakwa gundi ya kuzuia uvujaji. Na muulize fundi wako toki renchi yake mara ya mwisho ilipimwa lini, na kama inalala ikiwa imekazwa kwenye namba ya juu, springi yake nayo imechoka.

SWALI: Niko Kilwa Masoko, nati za kushikia turbo kwenye manifodi zinalegea kila wiki nakaza. Nimeambiwa niweke za stenlesi haziozi. Kweli?

JIBU: Haziozi ila zinang'ang'aniana. Nati ya stenlesi kwenye stadi ya stenlesi kwenye moto ule zinashikana kama zimechomelewa, siku ya kufungua unakata, na stenlesi ya kawaida inalainika ikipata moto mkali kwa hiyo itavutika na nati italegea tena. Huko nyuma ya turbo moto ni mkali mpaka chuma kinawaka chekundu usiku, springi niliyoieleza juu haifanyi kazi vizuri ikiwa imelainika. Tafuta stadi mpya za chuma cha kuhimili joto zilizokusudiwa turbo, nati za kujifunga zenyewe za chuma au za shaba, zile zenye nailoni ndani usiweke, nailoni inayeyuka siku ya kwanza. Angalia na uso wa manifodi, ile mirija ya moshi inayotoka kwenye hedi, kama umepinda, pima kwa rula kama nilivyoeleza ya hedi, mara nyingi nati inalaumiwa wakati manifodi imejikunja na inasukuma. Angalia pia kama bomba la moshi limefungwa kwenye chasi kwa mpira wake, bomba lisiposhikiliwa uzito wote na mtikisiko wa barabara unaning'inia kwenye hizo nati nne. Na acha kuzikaza gari ikiwa imetoka kutembea, subiri ipoe kabisa usiku kucha, ukaze asubuhi.